Dawa ya Kunguni Juu ya Mwasumini

Mwasumini wa marehemu Nabiha ulipigwa dawa ya kunguni Ijumaa adhuhuri. Alasiri ile ile vitumba vyake vilikuwa vichumwe, vishonwe kikuba, bintiye Fadhiya akivae kifuani usiku wa harusi. Aliyeupiga ni Zoeb, jirani wa ukuta mmoja.

Ishak, mumewe Nabiha, alirudi kutoka msikitini akapokewa na harufu mlangoni. Alikwenda moja kwa moja uani. Zoeb alikuwa bado ameshika bomba.

"Umefanya nini, Zoeb?"

"Nimekuokoa, bwana. Nimeona nyoka kwa dirisha langu. Kijani, mnene kama dole gumba, na mkiani ana pembe kama nge. Alikuwa akishuka shinani. Nikasema, wenziwe wamo majanini. Na wajukuu wangu wanacheza hapa!"

"Yule ni kiwavi wa nondo! Nimemwona tangu juzi, nikampelekea picha Rosebella, yule muuza miche wa Feri. Kasema pembe ile laini, haichomi mtu. Hula majani, na akishiba hushuka, hujizika mchangani mpaka aote mbawa. Akishashuka hali tena hata jani moja."

"Mbona hukunambia?"

"Mbona hukubisha hodi? Huu mti wako?"

"Basi vioshe vitumba, Ishak. Maji si yapo?"

"Asumini haioshwi kama mchicha, we mzee! Ikilowa inageuka rangi. Ama unataka mwanangu akakae mbele ya watu ananuka kitanda cha gesti?"

Fadhiya alisikia kelele akatoka, hina haijamkauka, mikono kaiweka mbali na nguo. Aliinamia kitumba kimoja, akanusa, akauma mdomo. Nabiha aliwashonea vikuba maharusi wa Mji wa Kale hadi Bondeni. Alipolala kitandani hawezi, alimwambia binti huyu: chako kitatoka kwenye mti wangu, hata nikiwa sipo.

"Baba, acha," alisema Fadhiya, akarudi ndani.

Ishak hakuacha. Alipiga magoti shinani, akafukua udongo kwa vidole. Kiwavi alikuwamo, kajikunja, mzima wa afya. Alimweka kiganjani akamsogezea Zoeb usoni.

"Huyu hapa nyoka wako. Umeua kila kitu ila yeye."

Zoeb alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Nilikuwa na nia njema, wallahi."

"Nia njema yako kamshonee mwanangu kikuba. Toka!"

Usiku ule Fadhiya alivaa kikuba cha kununua. Zoeb alifika na zawadi mkononi. Ishak alimpita kama nguzo. Wiki ya pili majani ya mwasumini yalipukutika yote, vikabaki vijiti, na Ishak akaung'oa mwenyewe.

Basi hasara ni hiyo. Mti mmoja. Ahadi moja ya mama kwa mwanawe. Na jirani wa miaka ishirini na sita, ambaye sasa hata salamu hapewi.