Benchi la Kuvalia Viatu

Ilikuwa siku ya thelathini tangu serikali ya Marekani ifungwe, shughuli zake zikakosa fedha, kwa mvutano wa bajeti huko Washington. Verlin Hautala, mkaguzi wa abiria katika uwanja mdogo wa ndege kaskazini mwa Minnesota, alivaa sare akaenda kazini bila mshahara, kama jana na juzi. Wiki ya kwanza alikuwa na hasira. Ya pili, hofu. Sasa hakuwa na kitu. Mkewe Arlys alipomwambia kwamba viazi walivyopewa kanisani vimekwisha, aliitikia tu, "Haya," kana kwamba ameambiwa theluji inaanguka.

Asubuhi hiyo wenzake wanne hawakutokea. Mashine moja tu ya ukaguzi ndiyo iliyofanya kazi, foleni ikafika mlangoni. Kwenye foleni hiyo alisimama Mbunge Conrad Strand, na nyuma yake Seneta Maureen Dufresne wa chama pinzani, wote wakirudi Washington. Mwezi mzima walikuwa wakirushiana maneno kwenye televisheni. Hapa hata salamu hawakupeana.

"Mkanda, Mheshimiwa. Na viatu," Verlin alisema.

Strand akapita mikono juu, soksi moja imetoboka kidoleni. Dufresne akafuata. Benchi la kuvalia viatu lilikuwa moja; wakakaa, huyu ncha hii, yule ncha ile.

Verlin alikuwa amekatazwa kuzungumza siasa akiwa kazini. Alilijua hilo. Lakini miguu ilimpeleka benchini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kuchoka, haina ugomvi.

"Waheshimiwa, mimi siulizi nani ana haki. Kila upande ulegeze kidogo, mfungue serikali."

"Mwambie huyu na wenzake," Strand alisema. "Sisi tumeshalegeza."

"Mmelegeza nini, Conrad? Labda hiyo soksi."

Watu wakacheka. Verlin hakucheka.

"Mwenzetu Darlene ana kisukari," alisema. "Dawa anaitumia nusu nusu ili isiishe. Leo hajaja, na simu hapokei."

Kicheko kikakatika. Strand alibaki na kiatu mkononi.

"Kuna mtu amekwenda kumtazama?" Dufresne aliuliza.

"Nikitoka saa nane nitakwenda."

"Saa nane? Mpigie jirani yake sasa hivi, baba!"

Verlin akashangaa kwamba hakulifikiria hilo. Akapiga. Jirani alimkuta Darlene sakafuni jikoni, akaita gari la wagonjwa. Verlin aliporudi kwenye mashine, wale wawili walikuwa wamesogeleana, wanaongea chini kwa chini, Strand bado mguu mmoja bila kiatu. Walichozungumza hakukijua.

Mchana msimamizi alimpa barua ya onyo. Aliisoma, akatia sahihi.

Siku tano baadaye serikali ilifunguliwa kwa makubaliano ambayo hayakumfurahisha mtu. Strand na Dufresne wote walipiga kura ya ndiyo. Arlys alilia, akamkumbatia mumewe. Verlin alisimama akiingoja furaha, kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi angojavyo hisia zirudi. Haikuja.

Jioni alikwenda hospitali.

"Wamefungua," alimwambia Darlene.

"Nani?"

"Serikali."

"Aa." Darlene alifumba macho. "Hebu niinulie kitanda, Verlin. Mgongo unaniuma."

Akakiinua.

"Hapo?"

"Bado kidogo."