Aliyeita Mara Moja

Mji wa Igulya umebandikwa ubavuni mwa kilima, huko Geita, na watu wamechimba dhahabu chini yake mpaka kilima kimebaki tumbo tupu. Kilima hicho kina mwenyewe. Wanamwita Mwenye Kilima, na kwa kumheshimu wachimbaji hawaingii duarani, lile shimo lao, na viatu. Kumheshimu, sawa. Kumwitikia usiyemwona ndiyo balaa. Kila mtoto wa Igulya hufundishwa: ukiitwa mara moja na humwoni anayekuita, nyamaza. Binadamu ataita tena. Asiyeita tena ni mchawi, na ukimwitikia umekwisha.

Asteria alifundishwa hayo na mama mkwe wake, Paskalina, aliyempokea akiwa bibi harusi asiyejua hata kusonga ugali wa mtama. Mumewe alipofariki, ndugu walitaka arudishwe kwao na mwanawe mgongoni. Paskalina akakataa katakata. Huyu ni mwanangu, alisema, anayemtaka aanze na mimi.

Jumanne hiyo, saa sita mchana, Asteria alikuwa anaponda mawe ya dhahabu, mtaa wa chini, akasikia, "Asteria." Siku hizi wote humwita Mama Mariana. Akafunga mdomo, nyundo mkononi.

Mara akaja jirani yake Zuwena, muuza vitenge, uso umempauka.

"Mama Mariana, nimeitwa. Mara moja tu."

"Na mimi."

Kabla hawajasema la pili, Amosi, msimamizi wa duara, akatoka shimoni na watu wake saba. Wote wameitwa huko chini, kila mmoja kwa jina lake. Mtaani wengine walikuwa wanaulizana kwa minong'ono, wengine wamejifungia kwa makomeo.

Lakini akili ya Asteria haikulala. Mchawi ana kazi na mtu mmoja. Huyu anayewajua wote kwa majina ni nani, kama si mwenyeji wao?

"Abee," akaitika.

Zuwena akamziba mdomo, kachelewa.

"Tokeni," sauti ikasema kutoka chini ya miguu yao, taratibu, kama mzee anayeamsha wajukuu. "Nimeshikilia mpaka mikono imechoka."

Jamani, mbio zilizopigwa hapo! Makomeo yalifunguliwa, watu wakateremka bondeni na watoto na kuku. Asteria akampa Zuwena mwanawe Mariana, yeye akapanda mtaa wa juu kwa Paskalina, Amosi nyuma yake akimkataza.

Alipofika, ufa mpana ulikuwa umeshakata ua. Ng'ambo yake nyumba ilikuwa imefungwa. Dirishani alimwona mama mkwe ameketi kitandani, ameligeuzia dirisha mgongo, mikono mapajani.

"Mama!"

Paskalina akainua kichwa. Hakugeuka. Alitulia hivyo hivyo, ametega sikio.

Asteria akafungua mdomo kuita tena, vumbi likamjaa kooni. Alikohoa, akakohoa, neno halikutoka. Amosi akamkamata kiunoni na kumvuta nyuma, na nyumba ikazama yote, na mtaa wa juu ukaifuata.

Jioni, bondeni, mwenyekiti wa mtaa aliwahesabu watu wa Igulya. Alipungua mmoja tu, na watu wakapiga magoti kumshukuru Mwenye Kilima. Zuwena alimpa Asteria maji, akamuuliza kwa upole kama mama hakusikia.

"Alisikia," Asteria akasema. "Alikuwa anasubiri niite tena."