Samaki Wawili wa Lozi

Mjukuu wangu Ġulja ana bibi wawili na mikono miwili, ila siku ya Pasaka huinua figolla moja tu, ile keki ya lozi inayokatwa umbo la mnyama. Hilo ndilo lililotugombanisha mimi na Vitorin, mama wa mume wa binti yangu.

Hapa Birgu, wabebaji wakianza kukimbia na sanamu ya Yesu Mfufuka, kila mtoto huinua figolla yake ipate baraka. Mwaka jana iliinuliwa ya Vitorin, na mtaa ukamsifu hadi Pentekoste. Mwaka huu nikaapa itakuwa yangu. Nikasaga lozi, nikaoka samaki mwembamba, nikampaka sukari ya buluu na kumchora magamba moja moja.

Asubuhi, barabarani, Vitorin akatokea. Naye kaoka samaki! Mrefu kama mto wa kitanda, ubavuni kabandikwa yai la chokoleti.

"Mkwe, huyo wako ni dagaa?"

"Dagaa ana ladha, Mkwe. Huyo wako mtafutie boti."

Ġulja akashika kiuno. "Nyamazeni! Nitainua ya atakayetegua. Kitendawili!"

Moyo wangu ukacheka. Nani kamfundisha vitendawili kama si mimi?

"Tega!" tukaitika.

"Wiki nzima namtazama juu, simfikii. Leo ameshuka."

"Malaika!" nikawahi.

"Siye."

"Figolla juu ya kabati langu," akasema Vitorin, taratibu, kama anayemenya chungwa.

"Ndiyo!"

"Huo ni upendeleo! Kabati ni lake!"

"Bibi, umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, nakupa Nadur."

"Nadur ni kwetu!" Vitorin akafoka. "Toa kwenu!"

"Kwetu bado napahitaji."

Mara bendi ikapiga, watu wakabanana ukutani. Wabebaji wakatokea chini ya mteremko, nyuso nyekundu. Watoto wote wakainua. Ġulja naye akajaribu, lakini samaki wa Vitorin alikuwa mzito, hakufika hata kifuani. Yai likaanza kuteleza.

"Mkwe, unakodoa macho ya nini? Shika mkia!"

Ningefanyaje? Nilimtia wangu kapuni, nikashika mkia, Vitorin kichwa, mtoto katikati. Sanamu ikatupita mbio huku watu wakishangilia, nami nimemwinua juu samaki wa mpinzani wangu, namwombea asivunjike.

Nyumbani, baada ya chakula, nikampa Vitorin kisu amkate samaki wake.

"Huyu? Huyu keshabarikiwa, Mkwe, ni wa kutazamwa. Lete yule wako."

Ġulja akala mkia, akala kichwa, akalamba vidole, kisha akauliza kama nimebakiza mwingine jikoni. Nikainama kukusanya makombo mezani ili Vitorin asinione ninavyotabasamu. Akaniona. Akasukuma sahani yake mbele yangu.

"Acha maringo, nikatie na mimi. Hapo kwenye lozi nyingi."