Kilo za Rigobert

Jumamosi hiyo Bibiane alikuwa anasonga fufu, ugali wa muhogo, Bwana Hervé alipobisha hodi, orofa ya nane huko Anderlecht, ughaibuni, akihema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake. Hervé alikitafutia wachezaji chuo kimoja cha Marekani, wachezaji wa futiboli ya kule, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai. Alikuwa amemwona Rigobert, kifungua mimba wa Bibiane, akicheza katika timu ya mtaa, akamtaka awe mtu wa mstari. Mtu wa mstari hagusi mpira. Anasimama mbele ya mrushaji wa mpira na kuwazuia wanaotaka kumwangusha, basi, na jina lake haliimbwi na mtu.

Baada ya kula, Hervé alieleza shida ya chuo. Kikosi kilikuwa kimeelemea upande mmoja: wakimbiaji tele, lakini kushoto mwa mstari hapakuwa na mtu, kwani wazito wote walikuwa wanahitimu. Nafasi ipo, masomo na malazi juu ya chuo. Ila Rigobert alipungukiwa kilo hamsini na tano.

Bibiane alitoka Bukavu, na kwao mgeni akishataja anachohitaji haondoki mikono mitupu. Angetaja kuku, angefungiwa kuku. Hervé alitaja kilo.

“Bon, papa Hervé,” Bibiane akamwambia, “zile kilo tutakupatia.”

Hakujiuliza zitatoka wapi.

Zilianza kutoka wiki hiyohiyo. Rigobert alijaa shingo, mgongo na mapaja, wala hakuongezewa chakula. Bibiane alikula vilevile na umbo lake halikubadilika, ila mizani ya bafuni ilimpunguzia kila Jumapili kiasi kilekile alichoongeza mwanawe. Walipopanda pamoja, mshale ulisimama palepale pa zamani. Précieuse, binti mdogo wa miaka minane, hodari wa hesabu, akasema basi hakuna kilichopotea.

Bibiane hakuwa mnene. Kilo zilitosha kwa shida.

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja huko Uccle, kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha. Sasa akimvuta bibi kizee kitandani, aliyeinuka alikuwa yeye. Msimamizi hakumlaumu. Alimhamishia kwenye taa na mapazia, akafurahi kwamba ngazi haihitajiki tena. Njiani upepo ulimsumbua, kwa hiyo fundi cherehani wa barabara ya Chaussée de Wavre alimshonea koti lenye mifuko mirefu, Bibiane akaijaza maharagwe. Ukikaa naye kwenye metro usingejua lolote.

Jioni alipolivua koti hilo, alipanda taratibu mpaka darini. Kuelea alikuzoea. Kilichomliza ni fufu: mwiko unataka uzito wa mtu, na yeye hakuwa nao. Précieuse ndiye aliyesonga sasa, mama yake akimwelekeza kutoka juu.

Rigobert hakuwa mtoto mbaya. Alisema haendi.

“Nilisha kumwahidia muntu,” mama yake akamjibu. “Enda, mwanangu.”

Katika uwanja wa ndege wa Zaventem mama yake na Précieuse walimwekea mikono, wakamwombea. Alipomkumbatia mama yake aliona kama amekumbatia nguo iliyoanuliwa kambani, akalia mbele za watu bila kujificha. Kisha akapita kwenye mlango wa ukaguzi, ambao sasa alilazimika kuupita ubavu ubavu.

Mwezi wa kumi na moja Hervé alizipanda tena zile ngazi. Alileta shukrani za kocha: kushoto hapapitiki, mrushaji hajaanguka tangu msimu uanze. Alimsalimu Précieuse jikoni, kisha akainua uso na kumsalimu Bibiane pale darini, akamuuliza kama hasikii baridi. Alikula, akasifu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Halafu akaeleza kwamba msimu ujao chuo kinakutana na timu za watu wazito zaidi. Rigobert akiongeza kilo ishirini, kikosi kitakaa sawa kabisa.

Bibiane akasema yeye hana tena. Ilikuwa kweli, na Hervé alitikisa kichwa kwa heshima. Lakini mgeni alikuwa ameshataja, na Précieuse alikuwa amelelewa vizuri. Bibiane alinyoosha mkono kumziba mdomo. Haukufika.

“Papa Hervé,” Précieuse alisema, akikusanya sahani, “tutakupatia.”

Hervé akashukuru, akavaa koti lake. Précieuse akamsindikiza, kama ilivyo desturi. Kutoka darini Bibiane alisikiliza ngazi. Walishuka watu wawili, na viatu vilivyosikika vilikuwa vya Hervé peke yake.