Kadi Namba 201

Mei 1972, meli ya kwenda Kigoma iliyotia nanga Rumonge, Burundi, ilikuwa ichukue wakimbizi wenye kadi za namba 138 hadi 265. Mlinzi wa lango la gati alizitambua tarakimu lakini hakujua hesabu. Kwa hiyo karani wa gati aliniomba mimi, mwalimu, nimwandikie kanuni ya kufuata kwa macho tu. Niliandika kwa haraka: tarakimu ya kwanza iwe 1 au 2, ya pili 3 hadi 6, ya tatu 5 hadi 8.

Zuwena, muuza mawese ambaye mumewe alikuwa amechukuliwa na askari juma lililotangulia, alifika na watoto wawili na kadi ya 201.

"Ya pili ni sifuri," mlinzi alisema. "Sifuri haiko hapa."

"Baba, 201 haijapita 265! Hata mutoto anajua."

"Basi mutoto akuandikie karatasi."

Kelele ziliponifikia ofisini, nilikimbia langoni nikaliona kosa langu: nilikuwa nimezipima tarakimu moja moja, kana kwamba hazikujuana. Niliandika upya, mistari minne: 138 na 139; 14 hadi 19, kisha tarakimu yoyote; 20 hadi 25, kisha yoyote; 26, kisha 0 hadi 5. Nilipoinua kalamu, meli ilikuwa imekwisha kuliacha gati.

Mlinzi aliilinganisha karatasi mpya na kadi, taratibu, akafungua lango.

"Pita, mama."

Zuwena hakusogea. Alinigeukia mimi, akanishukuru kwa Kirundi.

"Murakoze, mwalimu. Sasa niitie meli."