Chini ya Mti wa Plamu

Injinia Šimčík alisema mashine yake itaondoka Ijumaa, nami nikajua siku zangu za kunyamaza zimebaki nne.

Kwa miaka sita alikuwa akivuta maji yenye sumu yaliyo chini ya kijiji chetu, akiyachuja kwenye matangi ya mkaa na kuyarudisha ardhini. Kila kiangazi sumu ilishuka, tukaanza kuota kufungua visima. Theluji ikiyeyuka, ilipanda tena. Sote tulikilaani kiwanda cha vitasa, kilichofungwa zamani, na kweli kilikuwa kimemwaga uchafu nyuma ya ukuta wake. Lakini uchafu huo ulishachimbuliwa, malori yakauchukua.

"Kuna chanzo kingine," injinia alituambia mkutanoni. "Kiko upande wa juu, karibu na kanisa. Nisipokipata wiki hii, nafunga kazi. Visima vitajazwa zege, nanyi mtakunywa maji ya gari la tangi mpaka mfe."

"Kufa tumeshaanza, Injinia," alijibu Bibiána, na watu wakacheka kicheko cha msibani.

Bibiána ni jirani yangu tangu utotoni. Figo moja ameshatolewa, ya pili madaktari wanaichungulia kila mwezi. Maji ya kisima hayanywi tena, lakini mvuke wa ile sumu hupanda na kupenya sakafuni mwake, na kipimo cha injinia kiliuona hata chumbani anapolala.

Chanzo nilikijua. Kiko uani kwetu.

Kiwandani palikuwa na dawa ya kuondolea grisi kwenye vitasa, tukiiita tri. Kila mfanyakazi alitoka nayo kwenye kopo la maziwa, na mlinzi naye alikuwa na kopo lake. Mama yangu, Apolónia, alisafishia sketi za harusi, zile zenye nyuzi za fedha ambazo zikiguswa na maji zinaharibika. Kwa miaka thelathini hakuna bi harusi wa hapa aliyeingia kanisani bila kupitia mikononi mwake. Nguo zilirudi zikimeremeta, na nani huuliza maji machafu ya dobi yamekwenda wapi? Yalikwenda chini ya mti wa plamu. Ndoo nilibeba mimi.

Sasa mama ana miaka tisini na mmoja, yuko kitandani kando ya dirisha, akili inakuja na kuondoka. Hapa kwetu jeneza hubebwa na majirani. Nikisema, nani atambeba mama yangu? Hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka sita, na nilijichukia kwalo kila asubuhi.

Jumatano Bibiána alikuja na supu ya kabichi chachu. Alimlisha mama kijiko kwa kijiko, kisha akachukua kitana na kuanza kumchana nywele.

"Una mikono mizuri, mwanangu," mama alimwambia. "Wewe wa nani?"

"Wa hapo jirani, mama. Umenisahau? Ulinisafishia sketi yangu ya harusi."

"Ilikuwa na doa?"

"La mvinyo, mama. Kabla hata ya harusi!"

Mama akacheka. Bibiána akanigeukia, akashusha sauti. "Shoga, nalala na madirisha wazi, baridi inanipasua mifupa. Hawa wakiondoka, mimi basi tena."

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, lakini kifo chenyewe kilikuwa kinabisha kwa jirani. Nilitoka bila koti, nikamkuta injinia akifunga mabomba yake.

"Chimba kwangu," nikamwambia. "Chini ya plamu. Tulimwaga sisi, mimi na mama."

Aliliweka bomba chini. "Miaka sita, Mama Žofia," alisema. "Miaka sita nakunywa kahawa jikoni kwako."

Alhamisi mashine iliung'oa mti na kuanza kutoboa. Kijiji kizima kilisimama kwenye ua. Ilipofika mita nne harufu ikapanda, tamu, ya kulevya. Injinia akavaa barakoa upesi. Sisi wengine hatukuhitaji kuelezwa. Niliona nyuso zikiitambua mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila mwanamke pale alikuwa ameivaa harufu ile siku moja ya maisha yake. Mzee Gejza alitema mate na kuondoka. Bibiána alishika ubao wa uzio kwa mikono miwili.

"Sketi yangu," alisema polepole.

"Yako, na za dada zako," nikajibu. Nilitamani anitukane.

Dirisha la mama nilikuwa nimesahau kulifunga. Sauti yake ikatoka humo, nyembamba, yenye furaha, kama ya zamani, ikiniita kwa jina langu la utotoni.

"Žofka! Nasikia harufu ya tri! Leo anaolewa nani?"

Niligeuka niende kulifunga dirisha.

"Mimi, mama," Bibiána akasema kwa nguvu, ili mama asikie. "Leo naolewa mimi."

Kisha akaachia ubao, akaenda nyumbani kwake kufungua madirisha.