Makoti Yaliyohudhuria Kikao

Saa nne kasoro robo, Alhamisi, Marcellin alimaliza kuhesabu waliohudhuria: wajumbe sita wenye miili yao na makoti kumi na moja. Jumla kumi na saba. Akaandika "wote wapo", akapuliza wino ingawa kalamu ilikuwa ya biki, kisha akamwashiria prezida, mwenyekiti wa baraza, kwamba kikao kinaweza kufunguliwa.

Baraza lenyewe halitatajwa hapa. Lilikutana Ibanda, upande wa chini wa mji, katika ukumbi wa kupanga wenye madirisha yanayotazama ziwa, na Marcellin alikuwa mwandishi wake kwa mwaka wa kumi na tisa. Kanuni za vikao alizijua kwa kichwa, pamoja na nukta zake. Kifungu cha kumi na nne kilisema kwamba mjumbe aliyeacha koti kwenye kiti chake anahesabiwa yupo. Halikuwa wazo geni. Katika ofisi zote za mji huo, bosi hutundika koti asubuhi, akaenda zake, na anayemuulizia huambiwa bosi yuko karibu, koti si hilo hapo. Baraza lilikuwa tu na ujasiri wa kuliandika.

Makoti yenyewe yalizoeleka. La mheshimiwa Stanislas, la mistari, lilikuwa halijavaliwa tangu Pasaka. La marehemu Akonkwa, jeusi, lilibaki kitini baada ya mwenyewe kuzikwa mwezi wa sita, kwa kuwa kuliondoa kulihitaji hoja na hakuna aliyetoa hoja. Tangu azikwe Akonkwa hakukosa kikao hata kimoja, jambo ambalo akiwa hai halikuwahi kutokea.

Kwenye benchi la wananchi, nyuma kabisa, alikaa maman Bintu peke yake. Alikuwa mjane, mkazi wa mtaa wa Cimpunda, kule juu Kadutu. Wanawe wawili walikwenda Luhwindja kuchimba dhahabu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu bila salamu. Nyumba yake ya mbao ilikuwa kwenye mteremko, na juu zaidi shemeji wa prezida alijenga ghorofa tatu. Mfereji wa ghorofa hiyo ulimwaga maji yote katika kiwanja cha Bintu, na kila mvua ilipokuja korongo lilisogea. Hakuomba fidia. Aliomba mfereji ugeuzwe upande wa barabara, kazi ya siku mbili.

Mwananchi haruhusiwi kusema ukumbini, kwa hiyo Bintu alisema mlangoni, kila Alhamisi, na Marcellin ndiye aliyeambiwa. Mara ya kwanza kutoka mlango wa nyumba hadi korongo kulikuwa na hatua kumi na mbili.

"Imebakia hatua ine, papa sekretere," alisema siku hiyo. "Leo batasoma?"

"Batasoma, maman. Iko mu mambo mengine."

Mambo mengine ni kipengele cha mwisho cha ajenda, na kwa kawaida kikifikiwa njaa imeshafika kabla yake. Lakini siku hiyo umeme ulikatika, mjadala wa vipaza sauti ukafa wenyewe, na ombi la Bintu likasomwa. Prezida Polycarpe alipendekeza lipelekwe kwenye kamisheni. Kamisheni ilikuwa ya watu watatu, na wote watatu walikuwa makoti. Akauliza nani anakubali lipelekwe huko. Mikono sita ikainuka. Akauliza, kwa ajili ya utaratibu tu, nani anataka mfereji ugeuzwe sasa.

Koti la Akonkwa liliinua mkono. Likafuata la Stanislas, halafu yale ya safu ya dirishani, moja baada ya jingine, mpaka yakawa yote kumi na moja. Mikono ilisimama wima, mitupu, ikisubiri kuhesabiwa.

Prezida alimtazama mwandishi. Marcellin alifungua kanuni, ingawa hakuhitaji, na kusoma kwamba mjumbe anayehesabiwa yupo ana haki ya kura. Aliyehesabiwa kwa koti alikuwa yupo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika. Prezida akakuna shingo. Kumi na moja dhidi ya sita, ombi limepita. Bintu alifunga mikono kifuani, kwa sababu kupiga makofi nako kumekatazwa, na akashuka ngazi. Marcellin alikuwa na furaha, na hakuwa na wa kumwambia. Mkewe alikwisha kufa, watoto walikuwa Kinshasa, na jioni ile aliuelezea uamuzi huo kwa sufuria ya maharage.

Kilichobaki ni kutia sahihi. Kifungu cha ishirini na mbili kinasema uamuzi huanza kazi ukishatiwa sahihi na wote waliouunga mkono. Makoti hayakuweza kushika kalamu. Marcellin aliyajaribu moja moja kwa subira, kalamu ikaanguka mara kumi na moja. Ndipo akaanza kuwatafuta wenyewe. Alimkuta Stanislas kwenye kibaraza cha hoteli, akamwekea karatasi mbele.

"Mi sikukuwa, papa," alisema Stanislas. "Ile siku nilikuwa Uvira."

"Koti yako ilikuwa, mheshimiwa. Umehesabiwa."

"Basi koti iweke sahihi."

Wengine walijibu vivyo hivyo, kila mmoja na mji wake. Watu ambao kwa miaka walihesabiwa wapo kila Alhamisi, kwa siku hiyo moja walikumbuka vizuri kabisa kwamba hawakuwepo. Mjane wa Akonkwa peke yake ndiye aliyeomba kalamu, ila kanuni hazikumruhusu. Karatasi ikarudi kwenye jalada.

Alhamisi iliyofuata Bintu hakuja. Mvua ilianza saa saba mchana, ile ya Novemba isiyopumzika, na kikao kilikuwa kimechelewa mno, bado kiko kwenye kusoma ajenda. Saa nane na dakika kumi koti la Akonkwa lilijiinua kutoka kitini. Likajinyoosha kola, likapita katikati ya viti na kutoka mlangoni. Mengine kumi yakafuata kwa mpangilio wa safu, bila kusukumana.

Prezida aliuliza kama idadi bado inatosha. Marcellin alijibu kwamba idadi huhakikiwa wakati wa kufungua, na haihakikiwi tena hadi mjumbe aombe. Hakuna aliyeomba. Akaandika: "Wajumbe kumi na moja wametoka." Kupitia dirishani aliyaona yakipanda njia ya kuelekea Kadutu chini ya mvua, mikono ikining'inia, na watu wa barabarani wakiyapisha.

Alijua yanakwenda wapi. Alijua hata hatua zilizobaki. Lakini mwandishi haondoki ukumbini kabla prezida hajafunga kikao, hicho ni kifungu cha tisa, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukivunja. Alikaa. Waliobaki walijadili rangi ya mapazia hadi saa kumi na moja, wakakubaliana kuijadili tena. Yeye aliandika yote, kwa mwandiko mzuri.

Alipofika Cimpunda mvua ilikuwa manyunyu. Nyumba haikuwepo. Mfereji wa ghorofa ulikuwa bado unamwaga, maji mekundu yakishuka mahali palipokuwa jiko. Katika korongo makoti yalikuwa yamefukiwa hadi mabegani, yamefungana mikono kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama watu walioshika mlango usifunguke. Udongo ulikuwa umepita juu yao.

Bintu alikaa chini ya bati la jirani, juu ya godoro lake kavu. Pembeni yake kulikuwa na masufuria, kiti kimoja, na picha ya mumewe.

"Balikuya, papa," alisema. "Bote kumi na moja. Balitoa kitanda, balitoa masufuria, kisha bakaingia mule mu korongo, bakashikana. Hata mumoja hakusema kitu. Lakini tangu bwana yangu akufe, ilikuwa mara ya kwanza nyumba yangu kujaa batu."

Marcellin alivua kofia.

"Na weye, papa? Ulikuwa wapi?"

"Mu kikao, maman."

"Ee," alisema Bintu, bila hasira, akarudi kutazama picha.

Bintu aliyachimbua makoti mwenyewe, akayafua, na Alhamisi ya tatu alishuka nayo Ibanda ndani ya beseni kichwani. Hakuuliza lipi ni la nani. Aliyaweka mlangoni na yakajiendea vitini, yangali na unyevu, la Akonkwa limepungukiwa kifungo. Marcellin akahesabu: sita na kumi na moja, wote wapo.

Prezida alitangaza kwamba kifungu cha kumi na nne kimepata nyongeza, iliyopitishwa Jumatatu katika kikao cha dharura: koti linahesabika kwenye idadi, halihesabiki kwenye kura. Halafu akasoma kwamba ombi la mwananchi Bintu kuhusu nyumba yake linafutwa kwenye ajenda, kwa kuwa nyumba husika haipo tena. Mikono sita ikainuka kukubali. Makoti yakainua ya kwao kupinga, yote, maji yakidondoka sakafuni. Marcellin aliyaona. Akaandika sita kwa sifuri.

Kikao kikafungwa, wajumbe wakaenda kula. Bintu alibaki kwenye benchi lake la nyuma, maana hakuwa na pa kuwahi. Koti la Akonkwa lilitoka kitini, likaenda kukaa kando yake, na mkono mmoja likauweka begani mwake. Walikaa hivyo wakitazama ziwa, na hakuna aliyewafukuza, kwa sababu kanuni hazisemi lolote juu ya hilo.

Marcellin alifunga jalada. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake: akavua koti lake, la kijivu, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akarudi nyuma hatua mbili. Akangoja. Alingoja mpaka Bintu akaaga, mpaka mlinzi akaja na funguo, na kule nje mvua nyingine ikaanza kupiga mabati kutoka upande wa Kadutu.

Koti lake halikusogea. Akalivaa, akamwambia mlinzi kwaheri, akaenda nyumbani.